Selosia zilizochanua zikiwa kidole: kisa cha kitalu kimoja Tabora

Asubuhi ya tarehe 6 Desemba mama mmoja mwenye kitalu hapa Tabora mjini alinipigia simu. Salamu ilikuwa fupi kuliko kawaida yake. "Bwana shamba, maua yangu yamezeeka kabla hayajakua. Njoo uyaone." Nilidhani ni fumbo la mtu aliyeamka na hasira. Nilipofika nikakuta amesema kweli tupu.

Vyungu vya udongo vilikuwa vimepangwa kwa safu, kuanzia getini hadi chini ya mwembe. Vyungu vizuri, vya mfinyanzi anayeijua kazi yake. Ndani ya kila kimoja ulikuwamo mche wa selosia usiozidi kidole cha kati: majani sita au saba yaliyokakamaa, na kileleni kishungi kidogo, chekundu au cha njano, mfano wa kichwa cha njiti ya kiberiti kilichovimba. Kwenye shina la mwembe alikuwa amebandika pakiti ya mbegu. Pichani, mmea huohuo una sentimita 35 na vishungi vimesimama kama ndimi za moto. Krismasi ilikuwa imebakiza siku 19.

Miche ilikuwa 640. Wateja wa msimu alishawapata: kanisa moja lililotaka vyungu vya kupanga mbele ya altare, nyumba ya wageni, wapambaji wawili wa harusi, na wapita njia wa sikukuu ambao ndio hasa humpa faida. Bei aliyowatajia ni shilingi 8,000, ua likiwa ndani ya chungu chake. Kwa nilichokiona siku ile, mteja angelipia chungu na ua angepewa kama nyongeza.

Mshitakiwa naye alikuwapo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ni mzee aliyelima tumbaku Urambo miaka mingi, akajenga mabani yake ya kukaushia tumbaku kwa mikono yake, na alipochoka na mkopo wa pembejeo akahamia mjini kwa binti yake. Mama alimwajiri kwa sababu anajua mbegu ndogo.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka." Hakuongeza neno.

Shitaka, kwa maneno ya mama, lilikuwa moja: mzee aliinyima miche maji. Na mzee hakukana. Alisema tu kwamba ndivyo miche inavyokomazwa, na kwamba angeulizwa mtu yeyote Urambo au Kaliua angesema hivyohivyo. Nilikaa pale karibu saa mbili, na nikarudi mara nyingi baadaye, kwa sababu kila nilivyolichimba shitaka lile niliona lina kweli nusu.

Ukoo wa mchicha

Selosia ni ya ukoo wa mchicha. Aliyewahi kuchuma mboga za porini mvua zinapoanza ameshakutana na ndugu yake: mfungu nao ni selosia, na huliwa. Nigeria hupanda selosia bustanini kama tunavyopanda mchicha. Wayoruba huiita soko. Hii ya vyunguni imechaguliwa vizazi na vizazi kwa ajili ya rangi, na sokoni zipo za sura tatu. Ya kwanza ina kichwa kipana kilichokunjamana kama upanga wa jogoo. Ya pili ina vishungi vya manyoya, na ndiyo aliyonunua mama, pakiti ya rangi mchanganyiko. Ya tatu ina masuke membamba kama ya ngano. Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuungua, na ukiiona nyekundu saa kumi na mbili jioni jua likiwa chini huhitaji kuelezwa kwa nini.

Undugu na mchicha si habari ya vitabuni tu. Ndani yake mna jibu zima la kisa hiki, na akina mama wa Ng'ambo na Isevya wanalijua hata kama hawajawahi kusikia neno selosia. Mchicha uliopandwa tutani, ukapata maji na samadi, hukupa majani wiki hata wiki. Mchicha ulioota wenyewe kwenye ufa wa sementi hutoa mbegu ukiwa na urefu wa kidole. Ni mbegu ileile. Wa pili umeona maji machache na nafasi finyu ya mizizi, ukaharakisha kuacha uzao kabla haujafa. Selosia hufanya vivyo hivyo, ila kwetu uzao wake ndio ua, kwa hiyo inapoharakisha hutuachia kiua kimoja kidogo badala ya kishungi cha kuuzika.

Na ikishaamua, imeamua. Kichipukizi cha kileleni kikishageuka tumba la ua hakirudi kutoa majani. Unaweza kumwaga mbolea ya kutosha ekari nzima. Utapata majani ya kijani zaidi kwenye mche uleule mfupi.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Mbegu ziliatikwa tarehe 5 Oktoba. Hesabu ya mama ilikuwa nzuri: katika joto la Tabora selosia ya manyoya huchukua kama wiki kumi toka mbegu hadi kuuzwa, na wiki kumi toka tarehe ile ni katikati ya Desemba. Mbegu za selosia ni ndogo, nyeusi, zinang'aa, zaidi ya 1,000 kwa gramu moja. Mfanyakazi wa kawaida angezimwaga kwa mkupuo zikaota kama nywele. Mzee alizichanganya na mchanga mkavu uliochekechwa, akazinyunyiza kwa vidole vitatu, akazifunika kwa utando mwembamba wa mchanga. Kwa mtu aliyezoea mbegu ya tumbaku, ambayo gramu moja ina mbegu 10,000 na zaidi, selosia ni sawa na maharage.

Kabla ya hapo alifanya jambo ambalo mama hakumwagiza. Aliukaanga udongo wa kuatikia juu ya bati, moto ukiwa chini, mpaka ukafuka mvuke, akauacha upoe usiku kucha. Urambo wao huchoma kuni na matawi juu ya tuta la tumbaku kabla ya kusia, ili kuua mbegu za magugu na vimelea. Matokeo yake ni kwamba kinyausi, ule ugonjwa unaoozesha shina la mche pale linapotokea ardhini na kulaza trei nzima kwa usiku mmoja, haukuonekana hata mara moja. Nimeona vitalu vikubwa vikipoteza theluthi ya miche ya maua kwa kinyausi. Hapa mbegu ziliota ndani ya wiki moja na miche ikabaki wima. Ninalitaja mapema kwa sababu Desemba, watu walipokuwa wakihesabu makosa ya mzee, hakuna aliyelikumbuka.

Tarehe 22 Oktoba miche ilihamishiwa kwenye trei za vishimo vidogo. Mpango ulikuwa ikae humo wiki mbili, kisha mwanzoni mwa Novemba iingie vyunguni.

Vyungu havikuja. Mfinyanzi alivifinyanga kwa wakati, lakini mvua za Novemba zikaanza kabla havijakauka, na chungu kibichi kikiingia motoni hupasuka. Alisubiri jua. Mama naye akasubiri. Aliulizwa na mzee kama miche iwekwe kwanza kwenye viriba, ile mifuko ya plastiki ya kukuzia miche, akakataa: kiriba ni gharama ya ziada, udongo wa ziada, kazi ya ziada, na mteja wa Krismasi hanunui kiriba. Uamuzi huu ulichukua dakika moja kwenye mazungumzo ya simu. Ninaona ndiyo dakika iliyogharimu zaidi katika kisa chote, lakini kwa kuwa haukuacha alama inayoonekana kwa macho, haukuwa kwenye hati ya mashitaka.

Trei zilikuwa chini ya mwembe. Tabora ni mji wa miembe, na mwembe ni kivuli kitamu kwa mtu. Kwa selosia, inayotaka jua la wazi saa sita kwa siku au zaidi, ni adhabu. Miche ikaanza kurefuka na kulegea, ikitafuta mwanga. Mzee alipoona inarefuka akafanya kile ambacho mkulima yeyote wa tumbaku angefanya: akapunguza maji. Toka kama tarehe 8 Novemba alimwagilia mara moja kwa siku mbili, baadaye tatu, na tu pale majani yalipoanza kulala mchana.

Vyungu vilifika tarehe 22. Siku hiyo trei nyingi zilikuwa tayari na vitumba vyekundu na vya njano kileleni. Mama alifurahi akidhani maua yamewahi. Wakapandikiza siku tatu mfululizo.

Kwa nini tumbaku huvumilia

Sitaki mtu asome hapa akadhani mzee hajui kazi. Mche wa tumbaku hukomazwa kwa kiu kwa sababu ya msingi. Ukitoka kitaluni unang'olewa mizizi wazi, unapelekwa shambani, unapigwa na jua la Tabora, na pengine mvua inakaa siku kadhaa bila kurudi. Mche ulioshiba maji hulala papo hapo. Uliokomazwa una shina gumu, majani mazito, na hushika upesi. Halafu tumbaku hulimwa kwa ajili ya jani. Ikifika wakati wa kutoa ua, mkulima hulikata ili nguvu irudi majani. Katika maisha yote ya mzee yule, ua lilikuwa kitu cha kukata na kutupa. Leo ameajiriwa kulitunza.

Kwa hiyo kiu ileile inayomfanya mche wa tumbaku usubiri mvua ndiyo inayoiambia selosia kuwa msimu umekwisha. Niliyasema hayo kwa mama siku ya kwanza kabisa, na nikajiona nimemaliza kazi. Chanzo ni kiu. Mzee alinitazama tu.

Washitakiwa wengine

Mama, kabla ya kunipigia, alikuwa ameshashuku mambo mawili mengine. Mbegu: labda aliuziwa mbegu ya aina fupi, au iliyozeeka. Mbolea: mzee alikuwa ameweka punje chache za NPK 10-18-24, ile ya tumbaku, kwenye mchanganyiko wa udongo wa msituni, samadi na pumba za mpunga zilizounguzwa.

Yote mawili yaliondolewa na ushahidi uliokuwa palepale. Kwanza, jirani. Mwanzoni mwa Novemba mama alimpa jirani yake miche kumi na miwili ya kujaribia, na jirani akaipanda ardhini kando ya tuta la mchicha. Tulipochungulia juu ya ua wa matete tuliiona: inapita goti, ina matawi, kila tawi na kishungi. Mbegu ilikuwa ileile, ya pakiti ileile.

Pili, bomba. Trei moja ya miche 36 ilikuwa imewekwa kando, karibu na bomba linalovuja. Fundi aliitwa tangu Septemba na hajaja. Kwa sababu ya uvujaji ule, udongo wa trei ile haukukauka hata siku moja. Iliwekwa kwenye vyungu tarehe zilezile, kwa mchanganyiko uleule wenye mbolea ileile. Kati ya ile 36, miche 31 ilikuwa inaendelea kukua, imefika shubiri moja na zaidi, na vishungi vinafunguka vizuri. Mitano tu ndiyo iliyodumaa kama wenzake.

Mama alipiga makofi. "Si nilisema? Maji!"

Nami nikakubali. Lakini usiku nikiwa nyumbani jambo moja likanisumbua. Lile bomba liko nje ya kivuli cha mwembe. Trei ya bombani ilipata maji na ilipata jua. Na miche ya jirani ilipata maji, ikapata jua, tena ikapata ardhi yote iliyoitaka kwa mizizi yake. Nilikuwa nimechukua tofauti tatu nikazibebesha jina moja.

Ushauri wangu uliochelewa

Hapa nami niingie kizimbani. Siku ile ya tarehe 6 nilimshauri mama akate vilele vya miche mia moja, kwa ncha za kucha, juu ya jani la nne. Hoja ilikuwa ya kitabuni na ni ya kweli: selosia ya manyoya ikikatwa kilele hutoa matawi ya pembeni, na kila tawi hubeba kishungi chake. (Ya upanga wa jogoo usithubutu, uzuri wake wote uko kwenye kichwa kile kimoja.) Matawi yalitoka kweli. Yalichukua wiki nne kufunguka. Krismasi ikapita, Mwaka Mpya ukapita, na miche mia moja ikapendeza wiki ambayo kila mtu hapa mjini anatafuta ada ya shule. Mama hajanikumbusha hata siku moja. Najua anakumbuka.

Jaribio la Januari

Pakiti ilikuwa na mbegu zilizobaki. Tukaatika tena Januari, tukahamishia kwenye trei zilezile, zote tukaziweka juani, mbali na mwembe. Tukagawa makundi matatu ya miche ishirini ishirini. La kwanza liliingia kwenye viriba wiki ya nne, likanyweshwa kila siku. La pili lilibaki kwenye trei hadi wiki ya saba, lakini likanyweshwa kila siku bila kukosa. La tatu lilibaki kwenye trei hadi wiki ya saba na likanyimwa maji kama Novemba. Aliyemwagilia ni mzee mwenyewe, kwa masharti yake: hakuna mtu mwingine wa kugusa keni.

Kundi la kwanza lilikua likafika karibu na urefu wa pakitini. La tatu lilidumaa kama lile la Desemba, kidole tupu. Sote tulilitegemea hilo. La pili ndilo lililotunyamazisha. Lilinywa maji kila siku, halikulala jani hata mara moja, na bado lilitoa vitumba likiwa ndani ya trei. Lilipofika kwenye viriba liliishia kama nusu ya urefu wa kundi la kwanza. Nilipochomoa mche mmoja kwenye kishimo chake, mizizi ilikuwa imejisokota na kuwa kizibo cheupe, udongo hauonekani.

Maana yake ni hii: hata kama mzee angemwagilia usiku na mchana, ile miche 600 isingefika pakitini. Wiki mbili na nusu za kusubiri vyungu ndani ya vishimo vile vidogo zilikuwa zimeshaipokonya sehemu kubwa ya urefu wake. Kiu ilimalizia. Ile trei ya bombani ilipona zaidi ya wenzake kwa sababu ilikuwa kwenye jua na unyevu, lakini nayo, ukiipima karibu na ya jirani, ilikuwa fupi. Hatukuona ufupi wake kwa kuwa tuliilinganisha na vilema.

Nilimweleza mama hivyo mbele ya mzee, maana alishitakiwa mbele ya watu. Mama alikaa kimya muda, akasema, "Basi ni viriba." Mzee akasema, "Niliuliza, mwanangu." Hapo ndipo mazungumzo yalipoishia, nami nikajisingizia kwenda kuangalia miparachichi.

Mchana wetu ni mfupi

Kuna jambo la tatu ambalo haliko mikononi mwa mama wala mzee, na muuza maua wa Tabora au Kigoma anapaswa kulijua kabla hajabandika pakiti ya ng'ambo kwenye mwembe wake. Selosia hufuata urefu wa usiku. Usiku ukiwa mrefu huharakisha kuchanua. Ukiwa mfupi hujipa muda wa kukua kwanza. Picha za kwenye pakiti nyingi ni za kiangazi cha Ulaya, ambako mwezi Juni mchana wa mji kama London unapita saa 16. Tabora iko kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote, Desemba, unazidi saa 12 kwa dakika ishirini na kitu tu, na mfupi kuliko yote, Juni, unapungua kwa dakika kumi hivi. Kwa selosia, Tabora mwaka mzima ni majira ya kuchanua.

Kwa hiyo hapa mche hauna subira ya akiba. Mkulima wa Ulaya akichelewesha miche yake kwenye trei siku kumi wakati wa kiangazi, ule mchana mrefu humsitiri kidogo. Sisi hatuna wa kutusitiri. Kila siku ya mizizi kubanwa au udongo kukauka inasukuma mlango ambao tayari uko wazi.

Njia ya kuurudisha nyuma ipo: kuukata usiku katikati kwa taa. Tulining'iniza balbu moja juu ya trei mbili, ikawashwa toka saa nne usiku hadi saa nane. Miche ya chini ya balbu ilichelewa kutoa vitumba na ikarefuka kuliko wenzake. Pia usiku wa pili mvua ilinyesha, kumbikumbi wakatoka, wakajaa kwenye balbu ile, na asubuhi tukawakuta watoto wa jirani wamekanyaga trei moja wakiwaokota. Kwa kitalu kidogo siipendekezi balbu. Kiriba kikubwa kidogo na kuhamisha kwa wakati vinatosha, na havili umeme.

Mauzo

Miche 31 ya bombani ilikwenda kanisani yote, kwa bei ileile ya 8,000. Padri hakujua kuwa anapamba altare kwa uvujaji wa maji.

Vile vilivyodumaa, mama aliviuza kwa akili yake mwenyewe. Aligundua kwamba mche mfupi mmoja kwenye chungu kikubwa ni kituko, lakini mitano ya rangi tofauti iliyobanwa pamoja kwenye bakuli pana la udongo ni pambo la mezani. Wapambaji wa harusi walichukua mabakuli, nyumba ya wageni ikachukua kwa ajili ya kaunta. Hakupata faida aliyoihesabu. Alirudisha hela ya vyungu, mbegu na mshahara wa mzee, na kidogo cha juu. Iliyobaki alining'iniza kichwa chini stoo, kivulini, ikakauka. Rangi ya selosia haipauki haraka ikikaushwa hivyo, na mafungu madogo ya maua makavu yaliendelea kutoka moja moja hadi Machi.

Katika kuchagua rangi za mabakuli tulijifunza kitu kidogo ambacho ningependa ningekijua zamani. Rangi ya selosia ni ya jamii ya betalaini, ileile iliyomo kwenye bitiruti, nayo haisubiri ua. Mche utakaochanua nyekundu au zambarau mara nyingi una shina lenye wekundu tangu ukiwa na majani manne. Wa njano shina lake ni la kijani kilichopauka. Ukinunua mbegu ya mchanganyiko unaweza kutenga rangi kwa macho siku ya kuhamishia kwenye viriba. Mteja wa Krismasi hutaka nyekundu. Mpambaji wa harusi huja na kitambaa mkononi na kusema "kama hii." Ukisubiri vichanue ndipo upange, umeshapoteza nafasi na wiki tatu.

Sasa hivi

Mama analenga tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, familia zinaposafisha makaburi na kuweka maua. Hakuna aliyewahi kuwauzia maua ya vyungu kwa msimu huo kwenye mtaa wake. Amehesabu kurudi nyuma: mauzo yaanze wiki ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kuatika katikati ya Agosti. Mbegu zimeota. Zitahamia kwenye viriba wiki ya nne, vyungu viwepo visiwepo, na siku ya kuuza kiriba kitachanwa na ua kuingizwa kwenye chungu mbele ya mteja. Chungu kikichelewa, kinachochelewa ni chungu tu. Trei ziko juani. Mzee amekaanga udongo wake kama kawaida.

Agosti ni kiangazi, na ankara ya maji ya mwezi uliopita ilimfanya mama aitafute upya namba ya fundi bomba. Mzee alimwomba amwache kwanza. Amepanga trei zake zote kulizunguka lile bomba.